KAMERA NDOGO ZA DSLR: GASKETI YA KUZUIA MVUA INALIPA AU HAILIPI?

Wiki hii tunaacha kidogo mbao, mahindi na viazi, na kuangalia chombo ambacho kwa vijana wengi wa Mafinga ndicho mtaji wenyewe: kamera. Mpiga picha wa harusi na mahafali mwenye bodi moja na lenzi mbili hana duka jingine. Siku kamera inapozima katikati ya sherehe, hupoteza malipo ya siku hiyo, na hupoteza pia wateja wa kesho waliokuwa ukumbini wakimtazama anavyohangaika.

Swali la mnunuzi ni hili: kwa fedha ile ile, achukue kamera iliyozibwa maji yasiingie, au achukue yenye uwezo mkubwa zaidi ndani yake? Viwanda vikubwa sasa vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na soko la DSLR limebaki zaidi la mitumba. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni nafuu, maana bodi iliyokuwa ya mtaalamu miaka michache iliyopita leo inamfikia.

Hali ya hewa ya kwetu haihitaji maelezo marefu. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Upande wa mashamba ya chai ya Mufindi ukungu hushuka hata siku isiyo na mvua. Juni na Julai ni baridi. Kisha linakuja vumbi la kiangazi, na kwa mji unaoishi kwa miti ya Sao Hill kuna pia unga wa mbao, ambao haujui masika wala kiangazi.

Sasa, kamera iliyozibwa ni ipi? Fundi wa magari ataelewa haraka. Ni vipande vya mpira vilivyowekwa kwenye maungio ya bodi, chini ya vitufe, kwenye mlango wa betri na wa kadi, ili matone na vumbi visipate njia. Pentax K-70, iliyotoka mwaka 2016, ilitangazwa kuwa na vipande 100 vya namna hiyo na kuweza kufanya kazi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Mufindi haijaiona. Hata hivyo, idadi ya vipande haimwambii mnunuzi ni maji kiasi gani yanazuiwa. Kipo kipimo cha kimataifa kinachoandikwa kwa herufi IP na tarakimu, ambacho tunakiona kwenye simu na taa za nje, lakini kamera nyingi za DSLR hazikuuzwa na kipimo hicho. Kila kiwanda kimesema "imezibwa" kwa maana yake chenyewe. Na msomaji akiisoma vizuri karatasi ya dhamana, mara nyingi atakuta uharibifu wa maji umewekwa kando.

Jambo ambalo wanunuzi wengi husahau ni lenzi. Bodi iliyozibwa ikifungwa lenzi isiyozibwa, maji hupita pale pale zinapokutana, na gasketi zote 100 zinakuwa hazina kazi. Lenzi nyingi za Pentax zilizozibwa zina herufi WR. Kwa Nikon, geuza lenzi utazame kama kuna mpira mwembamba unaozunguka ile pete ya chuma. Lenzi za kawaida za Canon za 18-55, zile zinazokuja pamoja na bodi ndogo, hazina mpira huo. Anayelipia bodi iliyozibwa aweke kwenye hesabu na bei ya lenzi iliyozibwa, la sivyo amenunua nusu ya kitu.

Tuchukue kamera tatu zilizotoka karibu wakati mmoja, zote za megapikseli 24, kwa bei zilizotangazwa Marekani zilipotoka. Nikon D3400 ya mwaka 2016 ilitangazwa kwa dola 650 pamoja na lenzi. Pentax K-70 ya mwaka huo huo ilikuwa dola 650 bodi peke yake. Nikon D7200 ya mwaka 2015 ilikuwa dola 1,200 bodi peke yake. Za mitumba leo ziko chini sana ya hapo, lakini mpangilio huo wa nani ghali kuliko nani unasaidia kujua kiwanda kiliweka fedha wapi.

D3400 ni nyepesi, kama gramu 445 pamoja na betri, na betri yake ilipimwa kutoa picha 1,200 kwa chaji moja. Kwa sherehe inayoanza kanisani asubuhi na kuisha ukumbini usiku, huku umeme ukikatika, hilo si jambo dogo. Haijazibwa. Kibaya zaidi kwa mji wa vumbi, kiwanda kiliondoa ule mtetemo wa kupangusa sensa uliokuwepo kwenye D3300, kikaondoa na tundu la maikrofoni. Kwa studio ya picha za pasipoti inatosha kabisa.

K-70 inampa mnunuzi gasketi, kioo cha kutazamia kinachoonyesha picha yote bila kukata pembeni, na uwezo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, hivyo hata lenzi ya zamani inafaidika. Lakini betri yake ilipimwa kwa picha 410 hivi. Mwenye K-70 harusini atahitaji betri tatu. Na lenzi au chaji ya Pentax ikiharibika, haipatikani kirahisi kama ya Canon au Nikon.

D7200 imezibwa pia, betri yake ni ya picha 1,110, na ina nafasi mbili za kadi: kila picha inaweza kuandikwa mara mbili. Ni nzito, gramu 765.

Mwandishi huyu anaiona ile kadi ya pili kuwa na thamani kuliko gasketi zote kwa mtu wa harusi. Hesabu yake ni rahisi. Chukua daftari uangalie kazi za mwaka uliopita: ni siku ngapi ulisimama mvuani bila njia ya kujikinga? Kwa wengi zitakuwa chache, na siku hizo kijana wa kushika mwavuli na mfuko wa nailoni uliotobolewa mbele ya lenzi vinafanya kazi nzuri. Kadi huweza kufa siku yoyote, ukumbini pakavu, na bibi harusi hawezi kurudia kiapo kwa ajili yako. Hesabu hubadilika kwa anayefanya kazi za porini, kama vile upandaji miti, mashamba ya chai, ujenzi wa barabara. Huyo hana ukumbi wa kukimbilia na mikono yake yote miwili iko kazini. Kwake K-70 na lenzi ya WR ni ununuzi halali.

Na kuna adui ambaye gasketi haimzuii. Asubuhi ya Julai umepiga picha nje, kamera imepoa kama jiwe, kisha unaingia ukumbini palipojaa watu na joto. Kioo kinashika ukungu mara moja, maana hewa yenye unyevu imekutana na kitu cha baridi. Mara nyingine unyevu huo hukaa hadi ndani ya lenzi. Dawa yake haiuzwi: iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi, ipate joto taratibu. Wakati wa masika usihifadhi lenzi kwenye begi la ngozi lenye unyevu, kwani kuvu huota juu ya vioo na kuacha alama zisizofutika. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, kinatosha.

Kwa anayekwenda Dar es Salaam kutafuta bodi ya mtumba, fungua milango ya betri na kadi utazame mpira: ukiwa umepasuka au umekauka, hesabu kwamba kamera haijazibwa, na bei ishuke. Tazama vituo vya betri kama vina kutu ya kijani. Mulika tochi ndani ya lenzi. Kwa Pentax K-30, K-50 na K-70 piga picha kadhaa mfululizo ukiwa hapo hapo dukani, ya kwanza baada ya kuwasha ikiwa ndiyo muhimu. Zikitoka nyeusi bila sababu, ni ule ugonjwa unaojulikana wa kifaa kinachofungua na kufunga tundu la mwanga, na muuzaji abaki na kamera yake.