Tefu Kutoka Nje ya Nchi: Punje Isiyochambulika kwa Mkono

Mchele na maharagwe huchambuliwa kwenye ungo kabla ya kupikwa, na hivyo mpishi huwa mkaguzi wa mwisho wa chakula cha nyumbani kwake. Tefu haitoi nafasi hiyo. Punje yake ina upana wa takriban milimita 1, na kilo moja huwa na punje zaidi ya milioni 2. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuzipitia. Usafi wa tefu huamuliwa shambani, ghalani, maabarani na mpakani, kabla haijafika dukani. Hapa tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika nchini Kenya na yale ambayo mlaji bado anapaswa kuyaangalia.

Nafaka hii hutoka wapi

Asili ya tefu ni Ethiopia na Eritrea, ambako unga wake huchachushwa na kuokwa kuwa injera. Mwaka 2006 Ethiopia ilizuia kuuzwa nje kwa tefu ghafi ili kulinda bei ya walaji wake, na mwaka 2015 ikaanza kulegeza zuio hilo. Hivi leo tefu hulimwa pia Afrika Kusini, Marekani na Uholanzi. Kwa hiyo pakiti mbili zinazofanana dukani zaweza kuwa zimetoka mabara tofauti.

Hatari zinazochunguzwa

Ya kwanza ni udongo na mchanga. Kwa desturi, tefu hupurwa ardhini kwa kukanyagwa na ng'ombe, na chembe za mchanga zenye ukubwa sawa na punje ni vigumu kutenganishwa. Wengi huinunua tefu kwa sababu ya madini ya chuma, lakini sehemu ya chuma kinachopimwa katika tefu iliyopurwa hivyo hutokana na udongo ulioshikamana nayo, wala si nafaka yenyewe.

Ya pili ni mbegu za magugu, hasa mranaha, ambao una sumu za atropini na skopolamini. Sumu hizo hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, huharakisha mapigo ya moyo na kuvuruga akili. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, takriban watu 300 waliugua na 5 walifariki baada ya kula unga wa lishe uliochafuliwa na sumu za aina hiyo. Mbegu ya mranaha ni kubwa kuliko punje ya tefu, hivyo chekecheo nzuri huitenga. Lakini nafaka ikishasagwa, chekecheo haina msaada tena.

Ya tatu ni sumukuvu. Nafaka yoyote inayofungwa kabla ya kukauka vizuri yaweza kuota kuvu wanaotoa sumu hiyo. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya nafaka. Kuchachusha na kupika hakuiondoi sumu hii kwa kiwango cha kutegemewa.

Njia ya kuingiza tefu nchini

Mwagizaji hupata kwanza kibali cha kuingiza mazao ya mimea kutoka KEPHIS, kabla mzigo haujasafirishwa. Nchi inakotoka nafaka hutoa cheti cha afya ya mimea. Mzigo wa biashara huhitaji pia uthibitisho kwamba unalingana na viwango vinavyosimamiwa na KEBS. Mzigo ufikapo bandarini au mpakani, kama vile Moyale, nyaraka hulinganishwa na shehena, na sampuli zaweza kuchukuliwa kwenye magunia mengi. Sumukuvu haisambai sawasawa: gunia moja laweza kuwa salama na la pili kuwa hatari. Tunafahamu kwamba kusubiri huku humgharimu mfanyabiashara, na gharama hiyo huonekana kwenye bei. Hata hivyo, sumu isiyoonekana haina njia nyingine ya kugunduliwa.

Msafiri anayebeba kilo chache kwa matumizi ya nyumbani naye anatakiwa kuzitangaza kwa wakaguzi wa mimea.

Unaponunua

1. Soma lebo. Iwe na nchi ya asili, jina na anwani ya mwagizaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta pia kibandiko cha ubora cha bidhaa zinazoagizwa kutoka nje.

2. Ukiweza, nunua punje badala ya unga. Punje huonyesha ukungu, mbegu ngeni na unyevu. Unga huficha vyote hivyo.

3. Kama mwili wako haupatani na gluteni, usitegemee neno “tefu” peke yake. Tefu haina gluteni, lakini husagwa mara nyingi katika mashine zinazosaga ngano, na injera ya mikahawani yaweza kuchanganywa na ngano au shayiri. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu zisizozidi 20 kwa kilo. Tafuta pakiti inayotamka hivyo.

4. Hifadhi tefu mahali pakavu, katika chombo chenye kifuniko. Yenye harufu ya uvundo usiipike wala usiwape kuku.

Ukishuku kwamba chakula kimekudhuru, nenda hospitali mara moja, kisha utoe taarifa kwa mamlaka ukiwa na pakiti, mabaki na risiti. Namba ya toleo ndiyo inayotuwezesha kuifuata shehena hadi ghala ilikotoka na kuiondoa madukani kabla haijafika mezani kwa mtu mwingine. Tefu iliyopimwa kwenye kopo sokoni, bila lebo, haituachii pa kuanzia.