Kwa Nini Ukurasa Mmoja Huonekana Tofauti?

Bila shaka mmeona ukurasa wa tovuti unaofunguka vizuri katika kompyuta moja, kisha katika nyingine maneno yanapandana. Mwandishi ni mmoja na maandishi ni yale yale. Tofauti imetoka wapi?

Ukurasa hausafiri ukiwa picha. Husafiri ukiwa maandishi yenye alama za HTML, zinazosema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya; pamoja na maagizo ya CSS, yanayotaja rangi na vipimo. Ndani ya kila kivinjari mna injini inayoyasoma hayo na kuyapanga kwenye kioo.

Tuchukue kisanduku cha maandishi. Mwandishi ameagiza upana wa nukta 200, nafasi ya ndani nukta 20 kila upande, na mstari wa mpaka nukta 5 kila upande. Kwa kanuni ya W3C, shirika lililoanzishwa mwaka 1994, zile 200 ni za maandishi peke yake, hivyo kisanduku kizima hufika 250. Internet Explorer 5 ya Windows ilizihesabu 200 kuwa za kila kitu, maandishi yakabanwa katika 150. Panga visanduku vitatu bega kwa bega uone! Hesabu hiyo ya Microsoft haikuwa ya kipumbavu. Baadaye CSS yenyewe ilimruhusu mwandishi kuichagua. Tatizo lilikuwa kutokukubaliana.

Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilifuata hesabu ya W3C, lakini pale tu ukurasa ulipoanza na mstari wa DOCTYPE unaofaa.

Mwaka 2005 ulitolewa mtihani uitwao Acid2: injini ikizifuata kanuni, huchora uso unaotabasamu. Safari ilifaulu mwaka huo huo, Opera 2006, Firefox 2008, na Internet Explorer 8 ikafuata 2009.

Opera iliiacha injini yake mwaka 2013, na Edge ya Microsoft ikahamia Blink, injini ya Chrome, mwaka 2020. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink, WebKit ya Safari na Gecko ya Firefox. Wapo wanaofurahia uchache huo. Sisi tuna wasiwasi, kwani Internet Explorer ilipotawala, wengi waliandika kwa ajili yake tu. Basi anayejifunza kutengeneza tovuti aanze na ule mstari wa DOCTYPE, kisha aufungue ukurasa wake kwa Firefox pia, si Chrome peke yake.