Kumfundisha Mtoto Asiyeona Kutembea Peke Yake

Leo tunazungumza juu ya mtoto asiyeona, au anayeona kwa shida, na jinsi ya kumfundisha kutembea njia zake bila kushikwa mkono.

Najua wengine mmeshtuka. Barabarani kuna matatu na boda boda, mitaro iko wazi, mbwa hawafungwi, halafu muuguzi anasema mtoto aachiliwe! Sisemi aachiliwe, nasema afundishwe. Mtoto aliyezoea kuvutwa na kila mkono hufuata kila mkono, hata wa mtu mwenye nia mbaya. Tena, mara nyingi ni ndugu yake anayempeleka shuleni. Siku huyo ndugu akiugua, wote wawili wanakosa masomo. Na binti akishavunja ungo, je, bado kakake ndiye atakayempeleka chooni?

Kwanza kabisa mtoto apimwe na wahudumu wa macho hospitalini. Mtoto mdogo anaweza kuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, nao hutibiwa kwa upasuaji. Ukichelewa, jicho huenda lisione vizuri tena hata likitibiwa. Na yule anayeona kidogo, hicho kidogo kitamsaidia njiani.

Sasa tuanze na njia ya chooni, shule itangoja. Funga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, usawa wa kiuno cha mtoto. Aifuate kwa mgongo wa mkono, vidole vimekunjwa, mkono ukiwa mbele kidogo ya mwili. Kwa nini mgongo wa mkono? Vidole vikinyooshwa huchomwa na miiba na misumari, au hugonga nguzo na kuteguka. Akishaizoea njia hiyo, kamba itolewe.

Njia ya shule igawe vipande vifupi. Kila kipande kiwe na alama ambayo haihami: daraja, ukuta wa kanisa, mahali murram inapoishia na lami kuanza. Ng'ombe aliyefungwa chini ya mwembe si alama, kesho atafungwa kwingine. Mlio wa posho mill unasaidia, lakini stima ikipotea hausikiki, kwa hivyo asiutegemee peke yake. Na usimfundishe kuhesabu hatua. Miguu ya mtoto hukua, na mwenye haraka hupiga hatua ndefu.

Kipande cha kwanza kikishika, ongeza cha pili. Mwache akueleze kwa mdomo wake: sasa nimefika wapi, nitageuka upande gani? Akikosea, ngoja kidogo kabla ya kusema. Kunyamaza huko ni kugumu kwa mama, lakini hapo ndipo mtoto anapojifunza kujirekebisha.

Kumbuka kwamba kurudi ni njia nyingine. Ukuta uliokuwa kulia sasa uko kushoto, na mtoto lazima afundishwe hilo kivyake. Jua nalo lina mambo yake. Kama shule iko upande wa kaskazini, asubuhi jua litampiga shavu la kulia. Akirudi jioni, jua liko magharibi, naye ameelekea kusini, kwa hivyo ni shavu la kulia tena! Mtoto asipoelezwa atadhani amepotea. Siku ya mvua kubwa mabati hupiga kelele na kufunika sauti zote, na madimbwi huficha mashimo. Siku hiyo asindikizwe.

Anaposindikizwa, usimsukume mbele yako. Yeye akushike mkono wako juu ya kiwiko na kukufuata nusu hatua nyuma. Ukipanda au kushuka atasikia mwili wako kabla mguu wake haujafika.

Fimbo nyeupe ifike usawa wa kidari chake. Huipeleka kulia na kushoto, kupita mabega kidogo, na mguu wa kulia unapokwenda mbele fimbo hugusa kushoto. Lakini fimbo hulinda miguu, hailindi uso. Matawi yanayoning'inia na kamba za nguo zinazokatiza njia ziondolewe.

Kuvuka barabara kubwa kuje mwisho, na kufundishwe na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Siku hizi hata pikipiki za umeme zimekuja, na hizo hazingurumi. Uliza kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 chini ya Wizara ya Elimu ili kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza. Waulize pia kuhusu fimbo.

Akianza kwenda mwenyewe, mfuate kwa nyuma, leo hatua tano, wiki ijayo ishirini. Mwambie kwamba upo. Wengine hujificha na kumdanganya wameondoka. Siungi mkono jambo hilo, kwa sababu akigundua hatakuamini tena ukimwambia njia ni salama.

Zungumza pia na mwenye duka na vijana wa stejini. Wamsalimu kwa jina lake, wataje majina yao, na wasimshike bila kumwuliza. Mtoto naye afundishwe kusema, "Niache, naijua njia," na kupiga kelele mtu akimng'ang'ania.

Maswali yenu yaleteni kwetu siku ya kliniki, na mtoto mwenyewe mje naye. Kwaherini.