Maji ya Mtoto Wako Yanaanzia Mtoni

   Sogea karibu na redio, kwani mazungumzo ya leo yanahusu maji.

Mtoto akianza kuhara, swali la kwanza nyumbani huwa: amekula nini? Leo nataka tujiulize swali jingine. Maji aliyokunywa yalipitia wapi kabla ya kufika kwenye mtungi wako?

Tuchukue mfano wa Mto Nyando. Maji yake hutoka kwenye milima ya Nandi na Kericho, huteremka hadi uwanda wa Kano, kisha huingia Ziwa Victoria. Njiani hupita kando ya mashamba, malisho, vyoo na masoko. Msimu wa mvua ukifika, mto huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo uliobebwa kutoka mashamba ya juu.

Udongo huo si uchafu wa macho tu. Viini vya magonjwa hujishikiza kwenye chembe za udongo. Tena, maji yakiwa na tope, dawa ya kutibu maji hupungua nguvu, kwa sababu sehemu yake humalizwa na uchafu kabla ya kuua viini. Ndiyo maana mama anaweza kutia dawa kama kawaida, na bado mtoto akahara. Mama huyo hakuzembea. Kazi yake iliharibiwa huko juu, mahali ambapo ukingo wa mto ulilimwa.

Sasa, Mungu ametupa wafanyakazi watatu wa kutusafishia maji bila malipo.

Wa kwanza ni msitu na vichaka vilivyozunguka chemchemi. Mvua ikinyesha, mizizi huwezesha maji kuzama ardhini polepole. Maji hayo ndiyo tunayoteka wakati wa kiangazi.

Wa pili ni nyasi na miti ya ukingoni. Hushika udongo usiporomoke, na huzuia samadi na mbolea zisiingie mtoni.

Wa tatu ni kinamasi. Mafunjo na matete hupunguza kasi ya maji, tope likatua chini, na maji yakatoka yakiwa masafi zaidi. Mafuriko nayo hupungua nguvu. Ukikata mafunjo yote ukapanda mboga, utavuna misimu michache, lakini jirani yako wa chini atakunywa tope.

Pengine unasema, "Lakini kinamasi huleta mbu, na mbu huleta malaria." Ni kweli mbu huzaa kwenye maji. Lakini baadhi ya mbu wakubwa wa malaria katika nchi yetu hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua. Huko Kabale, nchini Uganda, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2000 walikuta kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vilivyo kando ya mafunjo ya asili. Joto humsaidia mbu wa malaria. Kwa hivyo kufyeka kinamasi si dawa ya malaria. Endelea kulala na mtoto ndani ya neti yenye dawa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, usilime hadi ukingoni. Kanuni za maji za Kenya huacha ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto, kulingana na upana wake. Panda nyasi za ng'ombe hapo, uzikate na kumpelekea ng'ombe nyumbani.

Pili, usipande mikalitusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza ikatwe kando ya vyanzo vya maji. Panda miti ya kienyeji.

Tatu, teka maji kabla ya kufua, na ufulie mbali na mto. Maji ya sabuni na ya nepi yamwage shambani. Ng'ombe wanyweshwe chini ya mahali pa kuteka, wala si juu yake.

Nne, choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kinyesi cha mtoto mchanga pia kina viini. Kitupe chooni.

Tano, jiunge na chama cha watumiaji maji cha mto wenu. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama hivi. Sheria hiyo hiyo inataka maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu, na ya kuuweka mto hai, yatengwe. Mwenye pampu huhitaji kibali. Akiukausha mto, chama chenu kipeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mama, wewe ndiwe unayebeba mtungi. Usikae nyuma mkutanoni.

Nyumbani nako, maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote au utie dawa kama pakiti inavyoeleza. Yahifadhi kwenye chombo chenye kifuniko.

Na mtoto akihara, mpe maji ya ORS mara kwa mara, na umpe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyokueleza. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, au kinyesi kina damu, mkimbize kituo cha afya mara moja. Usingoje kesho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama msikilizaji, ufa wetu uko pale ukingoni mwa mto. Kesho ukienda kuteka maji, tazama upande wa juu, uone kuna nini. Kisha zungumza na jirani yako.

Hadi tukutane tena, nakutakia afya njema wewe na watoto wako. Kwaheri.