Mita Moja, Wapangaji Wanane
Hapa Diani tunapopanga, mwenye nyumba amekataza makaa na gesi. Kila kitu ni umeme. Bili ikija juu, feni ndiyo hulaumiwa. Inaonewa! Feni ya wati 75 huzunguka usiku kucha pasipo kumaliza yuniti moja; hita ya bafuni ya wati 5,000 huimaliza kwa dakika 12. Na kwa joto hili la pwani, maji moto ya nini?

Dhuluma kubwa zaidi ni mita moja kwa wapangaji wanane. Viwango vilivyoanza Aprili 2023 vilimpa bei nafuu asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi, na bei ya juu apitaye 100. Tukijumlishwa pamoja, hata mwenye balbu na redio hutozwa kama tajiri. Mita ndogo za ukutani hugawanya deni tu, haziteremshi bei. Sharti kila mpangaji afungiwe mita yake iliyosajiliwa.