Mbona Mark X inateleza nyuma kwenye tope?

Mnatuuliza sana: Toyota Mark X ni gari la kifahari, limetulia kwenye lami, mbona kwenye tope linayumba?

Tuangalie magurudumu yanayosukuma. Mark X nyingi, zilizoundwa Japani kati ya 2004 na 2019, zina injini mbele, lakini nguvu hupita kwenye propela hadi difu na magurudumu ya nyuma. Ya mbele hubaki na kazi ya kukata kona, ndiyo maana usukani haukuvuti mkono ukikanyaga mafuta. Gari likiondoka, uzito hulalia nyuma na matairi hushika vizuri. Raha hiyo ina bei yake: propela huinua sakafu katikati, na abiria wa kati nyuma (mara nyingi mtoto) hana pa kuweka miguu.

Kwenye tope mambo hugeuka. Injini nzito iko mbele, nyuma ni kwepesi. Kanyaga mafuta ghafla konani, nyuma inachomoka. IST nyingi huvuta kwa mbele, chini ya uzito wa injini, hivyo hujikongoja zikapita.

Zipo Mark X zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa masika yetu tungechagua hizo, japo hunywa mafuta zaidi kidogo. Nyuma ikianza kuteleza, achia mafuta taratibu, elekeza usukani kule nyuma inakokwenda, wala usishindilie breki.