Msimamizi si Mrithi: Sheria na Mirathi ya Ardhi Katika Eneo la Chala

Chala ni eneo la Taveta, katika Kaunti ya Taita Taveta, ambako mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa la kreta lenye jina hilohilo. Huko, mwenye shamba anapofariki, aghalabu jamaa hukutana baada ya matanga na kumteua kifungua mimba wa kiume, au ndugu wa marehemu, asimamie mali. Neno hilo *kusimamia* ndilo linalozua mgogoro. Katika mazungumzo ya kila siku, msimamizi ni mkubwa wa jambo, mwenye kauli ya mwisho. Katika sheria, msimamizi wa mirathi ni mdhamini tu: ameshika mali ya watu wengine kwa niaba yao, na anadaiwa hesabu.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilitungwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwaka huo, wilaya kadhaa za wafugaji, zikiwamo Kajiado na Tana River zinazopakana na Taita Taveta, ziliachiwa mila ziamue urithi wa mashamba, mazao na mifugo pale ambapo marehemu hakuacha wosia. Taita Taveta haikuwamo. Kwa hiyo, mzee wa Chala anayesema kwamba binti hana fungu katika shamba la babaye kwa sababu ataolewa, anazungumza mila na wala si sheria. Mahakama ya Rufani ililikata jambo hili waziwazi mwaka wa 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti mafungu madogo kuliko ndugu zao wa kiume. Mahakama ya Rufani ikakataa kwamba uwezekano wa kuolewa ni sababu ya kumpunguzia mtoto haki yake. Katiba ya 2010 ilikuja kulitilia nguvu suala hilo. Waislamu, ambao si haba katika Taveta, mafungu yao hufuata sheria ya Kiislamu.

Mume anapofariki bila wosia, akaacha mke mmoja na watoto, mjane hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyosalia huitumia maisha yake yote. Baadaye mali hiyo hugawiwa watoto kwa usawa. Yeye ndiye wa kwanza katika orodha ya wanaostahili kupewa usimamizi. Shemeji yuko mbali sana nyuma yake. Watoto wakiwa hawajatimiza miaka 18, fungu lao hushikwa kwa udhamini, na sheria inataka wasimamizi wasipungue wawili. Sharti hilo lina hekima yake, kwani mtoto hawezi kumdai mtu hesabu, lakini msimamizi wa pili anaweza.

Safari ya kupata hati huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja waliosalia wote. Barua hii ndiyo mlango wa mambo yote, mema na maovu: binti aliyeolewa mbali au mke wa pili akiachwa nje ya orodha, huenda asisikie habari hadi shamba limekwisha kugawanywa. Ombi hupelekwa kwa hakimu, kwa mfano katika Mahakama ya Taveta, au katika Mahakama Kuu, kama ile ya Voi, ikiwa thamani ya mali inazidi uwezo wa hakimu, ambao kikomo chake cha juu ni shilingi milioni 20. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na pingamizi hupokelewa kwa siku 30. (Ni wangapi Chala wanaolisoma gazeti hilo?) Hati ikitolewa, kwa kawaida husubiriwa miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha pamoja na mgawanyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hati ambayo haijathibitishwa haimruhusu msimamizi kuuza ardhi. Asiye na hati kabisa naye, akiuza au kukata shamba la marehemu, anatenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ekari moja. Hata hivyo, uuzaji huo hauna nguvu kisheria, na mnunuzi aliyetegemea kikao cha ukoo anaweza kupoteza fedha zake. Msimamizi aliye na hati naye anaweza kunyang'anywa, iwapo aliipata kwa kuficha warithi au akikaa mwaka mzima bila kuomba ithibitishwe.

Sheria hii, lakini, hugusa tu mali ambayo marehemu mwenyewe alikuwa na uwezo wa kuitoa. Katika Taveta, nchi ya mashamba makubwa ya mkonge, wapo walioishi miaka mingi katika ardhi isiyo na hati kwa jina lao. Kwa jamaa za watu hao, dai la ardhi ni kesi nyingine kabisa, na hati ya usimamizi haiwezi kuwapa kile ambacho baba yao hakuwa nacho. Na marehemu aliyekuwa na shamba jingine ng'ambo ya ziwa, upande wa Rombo, ameacha mirathi mbili: ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, hivyo shamba la huko huamuliwa kwa sheria za Tanzania, hata kama warithi ni walewale na kaburi liko Chala.